Ploti, bedsita au Airbnb: anayeanza Nakuru ashike nini kwanza

Muulize dalali wa ploti pale Nakuru pesa yako iende wapi, atakupeleka Mbaruk au Bahati. Mwenye nyumba za kupangisha atakwambia ujenge bedsita, vile vyumba kimoja kimoja vya kupangisha, Kiamunyi. Kijana mwenye Airbnb Section 58 atakufungulia simu akuonyeshe wikendi ya Safari Rally ilivyojaa kuanzia Naivasha hadi mjini. Hakuna anayekudanganya hapo. Kila mmoja anasema ukweli wa kazi yake. Mambo huharibika pale mtu mwenye milioni mbili anapowasikiliza wote, akatia laki tano huku na laki nane kule, mwisho ana ploti isiyo na hati, nyumba iliyokwama kwenye linta, na makochi mapya yanayoliwa na vumbi la Nakuru yakisubiri wageni.

Msimamo wangu ni huu: anayeanza ashike kazi moja, na kabla ya kuchagua kazi achague mtaa. Bei, maji, udongo, aina ya wapangaji na ofisi utakazozungukia vyote hutegemea mahali. Anayeijua Kiamunyi ndani nje anaweza kutoka kwenye ploti akaingia kwenye kupangisha bila kuanza sifuri. Aliyenunua ploti moja Njoro, ya pili Kisumu na ya tatu Malaba hana anachokijua vizuri cha kumkinga siku dalali akiamua kumpiga.

Watu wa kujaribu kila kitu wana hoja moja nzito: utajuaje unachokiweza kama hujakigusa? Ni kweli. Ila kugusa si lazima kuwe kwa pesa. Unaweza kugusa kwa daftari, na jambo hilo nitalirudia baadaye. Kwanza tuziangalie kazi zenyewe, kwa sababu ukizipanga sambamba utaona zinahusiana kidogo sana. Kila moja ina sheria zake, hesabu zake na mahali pake pa kukuumiza.

Kukata shamba na kuuza ploti

Hii ndiyo inayowavutia wengi kwa sababu hesabu yake ya mdomoni ni tamu: eka moja ni ploti nane za futi hamsini kwa mia, zidisha kwa bei, umetajirika. Chukua kalamu. Eka ina futi za mraba 43,560, yaani shamba la mraba lina takriban futi 208 kila upande. Pitisha barabara ya mita 9 katikati na futi 30 zimeondoka. Kila upande unabaki na futi 89. Ukipima futi 50 za mbele unapata ploti nne huku na nne kule. Nane, ndiyo, lakini kina chake ni futi 89, si 100, na hati itasoma kama hekta 0.041. Mnunuzi mjanja anajua hamsini kwa mia ya kawaida huandikwa hekta 0.045, na hapo ndipo atakapoanza kukukata bei. Kama shamba ni refu na jembamba, au ni la pembe tatu kandokando ya mto, unaweza kuondoka na sita.

Safari ya makaratasi nayo ni ndefu. Unaanza na upekuzi rasmi wa hati. Karatasi ya upekuzi ina sehemu tatu, na wanaoanza husoma ya katikati peke yake. Sehemu A inaeleza ardhi: namba, ukubwa, karatasi ya ramani. Sehemu B ina jina la mwenyewe na tarehe alipopewa hati. Jina lililoingia miezi miwili iliyopita ni sababu ya kuomba kadi ya kijani, rekodi ya masjala ya ardhi, uone ardhi ilipita mikono gani. Sehemu C ndiyo yenye miiba: mkopo wa benki ambao haujafutwa, zuio lililowekwa na ndugu, amri ya mahakama. Ikiwa C ni tupu na B ina jina la muuzaji lililofanana na kitambulisho chake herufi kwa herufi, endelea. Upekuzi uwe wa wiki hiyo hiyo, na urudie siku unapolipa salio.

Kwa shamba la kilimo kuna bodi ya kudhibiti ardhi, ile ambayo watu wote huiita landi bodi. Sheria yake, sura ya 302, inataka ombi la idhini lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini. Bila idhini mauziano ni batili, na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako kama deni. Kwa kuwa bodi hukutana kwa ratiba, kukosa kikao kimoja ni kupoteza mwezi. Mke au mume wa muuzaji aje, na watoto wakubwa pia wakiwepo ni salama zaidi. Kikao huvunjika papo hapo mmoja wao akisema hajui lolote.

Baada ya kununua unaanza tena kwa ajili ya kugawa: mpangaji wa miji aliyesajiliwa anachora mpango, kaunti inaupitisha, bodi inatoa idhini ya kugawa, mpimaji aliyesajiliwa anaweka bikoni (alama za mipaka) na kujaza fomu ya myutesheni (inayoonyesha mgawanyo), ramani inarekebishwa, hati mama inarudishwa, ndipo hati mpya zinatoka. Pesa yako imelala muda wote huo. Hapa mgeni hufanya kosa la kuuza kabla hati hazijatoka ili alipie gharama za mpimaji, kisha jambo likikwama anakuwa na wanunuzi sita wanaompigia simu kila siku. Na ukiifanya kazi hii mara kwa mara, KRA, mamlaka ya kodi, inaweza kuihesabu kama biashara na kutoza kodi ya mapato ya kawaida badala ya kodi ya faida ya mtaji.

Ukivuka kwenda Vihiga, Kakamega au Siaya, kuna kisiki kingine. Hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu anayekuuzia, hata akiwa ameishi hapo maisha yake yote, hana cha kukupa mpaka mirathi ipite mahakamani. Tena angalia kama kuna makaburi ya ukoo ndani ya kipande hicho. Sheria inaweza kukuruhusu kujenga. Majirani watakuwa na maoni yao.

Kununua na kukaa nayo

Fupi: hii ni kazi ya mwenye pesa asizozihitaji kwa miaka mingi. Ploti haikuletei kodi ya wapangaji kila mwezi wala hailipi karo. Bei hupandishwa na habari, na habari huchelewa. Wapo walionunua kando ya barabara kuu ya Rironi–Mau Summit, inayopita Nakuru, kwa sababu ya mkataba wa 2020 na kampuni za Ufaransa. Mkataba ule ulivunjwa bila barabara kujengwa, na kazi ikazinduliwa upya na wajenzi wengine mwishoni mwa 2025. Kwa aliyekopa ili anunue, miaka hiyo ilikuwa ya riba tupu.

Ukishanunua, zungushia ua. Hamsini kwa mia ina mzingo wa futi 300: nguzo 30 za kila baada ya futi 10, na seng'enge mistari mitano ni karibu mita 460. Itembelee walau kila msimu wa mvua, uhesabu bikoni zote nne. Mtu akikalia ardhi yako wazi wazi bila ruhusa kwa miaka 12, sheria inampa njia ya kuidai.

Kupangisha

Kwa mtu wa mshahara au wa duka, hii ndiyo ninayoipendekeza, na nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndiyo inayodanganya watu kwa heshima. Nyumba inaonekana, wapangaji wapo, M-Pesa inalia. Hasara yake huja kimya kimya.

Tuseme una bedsita 10 za shilingi 6,000. Watu huandika 720,000 kwa mwaka na kuishia hapo. Nyumba hazijai mwaka mzima. Ondoa wastani wa mwezi mmoja kwa kila chumba, umebaki na 660,000. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea kwa wapangaji, tangu Januari 2024, kwa wenye mapato ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapo ni 49,500, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Haikuulizi ulitumia nini kurekebisha bomba. Keyateka (mtunza jengo) wa 8,000 kwa mwezi, 96,000. Lori la kunyonya maji taka mara mbili, 16,000. Stima za nje na mlangoni, 24,000. Rangi, vitasa, vioo na mabomba, 50,000. Jumla ya matumizi ni 235,500. Mkononi: 424,500, sawa na 35,375 kwa mwezi.

Kama ploti ilikuwa milioni 1.2 na ujenzi milioni 4.5, hiyo ni asilimia 7.4 kwa mwaka. Si mbaya, lakini sasa weka mkopo wa SACCO. Milioni 3 kwa asilimia 1 kwa mwezi, salio likipungua, kwa miezi 60, ni shilingi 66,733 kila mwezi. Nyumba inaleta 35,375. Tofauti ya 31,000 na zaidi itatoka kwenye mshahara wako kwa miaka mitano. Inawezekana, na wengi wamefanya hivyo, lakini wale walioambiwa "nyumba itajilipia" hushtuka mwezi wa tatu. Ndiyo maana ninashauri kujenga vyumba vitano kwa pesa yako, uvipangishe, na kuacha msingi na vyuma tayari kwa vitano vingine. Mwambie fundi mapema, achimbe msingi wote mara moja. Kuunganisha msingi mpya na wa zamani kwenye udongo wa Nakuru huleta nyufa ukutani pale pale panapounganika.

Udongo wenyewe unastahili siku nzima. Mji huu umekaa chini ya Menengai juu ya majivu ya volkeno yasiyoshikana, na kuna mipasuko ya ardhi inayofunguka mvua ikizidi. Chimba shimo la majaribio la mita 1.5 hadi 2, na uwaulize wazee wa mtaa kama mfereji ulishawahi "kumeza" maji ghafla. Kisumu ni kinyume: kuanzia Nyamasaria kuelekea tambarare za Kano ni udongo mweusi wa pamba, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Lazima uondolewe au ubadilishe aina ya msingi, na shimo la kupokea maji taka halinyonyi. Linajaa haraka na lori linakuwa mgeni wa kila mwezi. Ile 16,000 ya juu inaweza kuwa 96,000.

Maji nayo. Wapangaji wa Nakuru huuliza kama ni ya Nawassco, kampuni ya maji ya mji, au ya kisima, kwa sababu visima vingi vya huku vina floraidi inayochafua meno ya watoto. Kwa tangi, piga hesabu hivi: vyumba 10, watu 15, lita 50 kila mmoja, ni 750 kwa siku. Kama mgao huja mara mbili kwa wiki, pengo refu ni siku nne, lita 3,000. Weka tangi la 5,000. La 2,300 ndilo bei nafuu dukani, na ndilo linalofanya watu wahame Jumapili.

Sheria pia hubadilika kulingana na kodi unayotoza. Chumba cha 2,500 kwenda chini, kama vingi vilivyokuwa Rhonda na Kaptembwo za Nakuru, au Manyatta na Nyalenda za Kisumu, kinalindwa na sheria ya udhibiti wa kodi, sura ya 296. Huwezi kupandisha wala kumtoa mtu bila idhini ya baraza lake. Kung'oa mlango au kuondoa mabati ili mtu ahame ni kesi unayojitafutia mwenyewe, chumba kiwe cha 2,000 au cha 20,000.

Na duka la chini ya bedsita ni kazi nyingine kabisa. Maduka yana sura ya 301. Ukimwandikia mwenye kinyozi mkataba wa miaka miwili, au usipomwandikia wowote, umempa upangaji unaolindwa: notisi ya kupandisha kodi au kumtoa iwe kwenye fomu maalum, ya miezi miwili, naye anaweza kukupeleka kwenye baraza la kodi za maeneo ya biashara. Mkataba wa zaidi ya miaka mitano usio na kipengele cha kuuvunja mapema hauingii humo. Tena kodi ya duka haimo katika ile asilimia 7.5, inaingia kwenye marejesho ya mwaka. Jengo moja, hesabu mbili za KRA, sheria mbili za wapangaji. Unaona kwa nini ninamwambia anayeanza aache duka kwanza, hata kama ploti iko barabarani?

Airbnb na nyumba za kukarabati

Airbnb huonekana rahisi kwa kuwa unaweza kukodi nyumba ya mtu badala ya kujenga. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kisha hesabu usiku. Kodi 18,000, stima na maji na wifi 5,500, gesi na sabuni 2,500: unaanza mwezi na deni la 26,000. Ukitoza 2,800 kwa usiku na mgeni wa kawaida akilala mara mbili, usafi wa 500 unakula 250 kwa usiku. Unabaki na 2,550. Unahitaji usiku 11 ndipo usawazishe. Ukipata 16, faida ni 14,800, na samani za 180,000 zinarudi baada ya mwaka na kidogo. Ukipata 13, faida ni 7,150 na samani zinarudi baada ya zaidi ya miaka miwili, wakati godoro limeshachoka. Hapo hujaweka kodi ya serikali. Usiku mitatu tu ndio mpaka kati ya biashara na mchezo, na usiku hiyo hutegemea jinsi unavyojibu ujumbe saa tano za usiku. Mwenye kazi ya kuajiriwa asijidanganye.

Kununua nyumba kuukuu, kuipaka rangi na kuiuza haifai kwa mgeni huku kwetu, nami sitaki kupamba maneno. Nunua kwa milioni 4. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, 160,000 (mashambani ni 2). Wakili 80,000. Ukarabati 500,000. Unauza kwa 5,200,000, dalali anachukua asilimia 3 ambayo ni 156,000, wakili wa kuuza 100,000. Faida ni 204,000. Kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu 2023, kwa hiyo 30,600 inakwenda. Umebaki na 173,400 baada ya kuzungusha milioni 4.7 kwa labda miezi tisa, ukiwa umepandisha bei kwa milioni nzima na laki mbili. Mnunuzi mmoja akishusha laki mbili, umefanya kazi bure.

Daftari kabla ya pesa

Sasa yule anayetaka kujaribu kila kitu. Ajaribu, kwa daftari. Chagua mtaa unaoweza kuufikia jioni bila kutumia nauli kubwa. Andika majengo 20. Kwa kila moja: vyumba vingapi, vina mapazia vingapi, kibao cha nyumba tupu kimening'inia tangu lini, maji huja siku zipi, stima ni za tokeni kila chumba au mita moja ya wote. Muulize keyateka swali moja zuri: "Chumba cha mwisho kuhama kilikaa wiki ngapi kabla ya kupata mtu?" Hilo atalijibu bila kuogopa mwajiri wake, na linakwambia kuhusu mahitaji kuliko bei yoyote. Jengo ambalo chumba hujaa kabla ya rangi kukauka lina kitu, kitafute. Mara nyingi ni maji, geti linalofungwa, au steji ya matatu iliyo karibu.

Chukua pia matangazo kumi ya ploti na nyumba za mtaa huo. Andika bei iliyotangazwa na tarehe, kisha piga hesabu kana kwamba unanunua, gharama zote, mpaka senti ya mwisho. Baada ya miezi mitatu piga simu tena. Zipi zimeuzwa? Zipi zimeshuka bei? Ile iliyorudi na dalali mwingine kwa bei ya chini ina ugonjwa. Nenda kafanye upekuzi uone sehemu C. Kwa gharama ya vocha na ada za upekuzi chache utakuwa umejaribu kazi nne, na utajua ipi ulikuwa unaifuatilia kwa hamu na ipi ulikuwa unaiahirisha. Hisia hiyo usiidharau. Anayechukia kudai kodi hawezi kuwa mwenye nyumba mzuri, hata hesabu ziwe tamu namna gani.

Mahali ambapo kushika kimoja kunaua

Kushika kazi moja kuna hatari yake, na sitaificha. Njoro ni mfano ulio wazi. Hosteli za karibu na Chuo Kikuu cha Egerton zilijaa vizuri, mpaka Machi 2020 vyuo vyote vilipofungwa. Wenye hosteli peke yake walibaki na vitanda. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulikumbusha jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo. Maseno, Kabarak na karibu na Masinde Muliro hesabu ni ile ile. Waliokuwa na vyumba vya hosteli pamoja na vyumba vichache vya familia, mlango wake na jiko lake, walikuwa na mahali pa kupumulia. Kwa hiyo shika kazi moja, lakini wapangaji wako wasiwe wa mwajiri mmoja wala taasisi moja.

Hatari ya pili ni mahali penyewe. Ziwa Nakuru limepanda na kuingia kwenye nyumba za watu upande wa Mwariki na Barut. Ziwa Naivasha limeingia Kihoto mwaka 2020 na tena 2025. Nyumba nne katika mtaa mmoja uliofurika ni sifuri nne. Nikisema shika mtaa mmoja simaanishi kona moja ya bonde. Nyumba ya pili iwe na mwinuko tofauti na njia tofauti ya maji, hata kama ni umbali wa kilomita mbili.

Lini uongeze ya pili

Mwaka mmoja kamili wa kumbukumbu, januari hadi desemba, ndio kipimo changu cha kwanza, kwa sababu nyumba hubadilika Januari ya karo, Aprili ya mvua na Desemba watu wakienda mashambani. Cha pili ni akiba ya miezi mitatu ya matumizi na mkopo, nje ya mshahara. Cha tatu ni kwamba uweze kukaa mwezi mzima bila kwenda, na kodi ikaingia kwenye paybill (namba yako ya malipo ya M-Pesa), siyo mfukoni mwa keyateka.

Ukitimiza hayo, ya pili iwe jirani ya ya kwanza kwa kitu kimoja angalau. Mwenye bedsita anaweza kuchukua chumba kimoja cha jengo lake akakifanya cha wageni wa muda mfupi. Mafundi ni wale wale, maji ni yale yale, na kikikosa wageni kinarudi kwa mpangaji wa kawaida. Anayekata ploti Bahati anaweza kubakiza ploti moja ya kona akajenga vyumba vya kuwapangisha wale wale walionunua kwake wakiwa kwenye ujenzi. Lakini kutoka bedsita za Nakuru kwenda kukata shamba Bungoma ni kuanza upya ukiwa umechoka.

Mwenye laki tatu tu hana haja ya kukimbilia ploti ya bei ya ajabu isiyo na barabara. Aziweke kwenye akiba za SACCO, kwani nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, huku daftari likijaa. Akiingia chama cha kununua ardhi, hati isiandikwe kwa jina la mwenyekiti. Iandikwe ama kwa kampuni iliyosajiliwa, ama kwa majina ya wote kwa umiliki wa hisa, kila mmoja na sehemu yake ikisomeka kwenye hati, ili mmoja akifariki fungu lake liende kwa warithi wake na si kwa wanachama waliobaki. Na kabla ya mchango wa kwanza, andikeni atakayetoka atauza hisa yake kwa nani, thamani itapimwa na mthamini yupi, na atalipwa ndani ya miezi mingapi. Wakili atawadai ada ya kuuandaa mkataba huo. Ilipwe kutoka kwenye michango ya mwezi wa kwanza, kabla ya mtu yeyote kupelekwa kuona ploti.